Mjane wa kahawia nyumbani: usihangaike na buibui, winda vifuko vyake

Pindua kiti cha plastiki ambacho kimekaa uani mwezi mzima, iwe Houston, Tampa au Los Angeles, kisha chungulia pale mguu unapoungana na kikalio. Ukikuta utando uliofumwa ovyo, na ndani yake kijimpira cha rangi ya maziwa kilichojaa vimiba pande zote kama mbigiri, umeshampata mjane wa kahawia, hata kama mwenyewe bado hujamwona. Kijimpira hicho ni kifuko cha mayai. Ndicho cha kutafuta, ndicho cha kuondoa, na ndicho watu wengi wanachokiacha wakishamaliza kumponda buibui kwa kandambili.

Jina lake la kisayansi ni Latrodectus geometricus, na ni wa jamii moja na mjane mweusi anayeogopwa Marekani. Wataalamu wengi wanaamini asili yake ni Afrika. Florida alirekodiwa mwaka 1935, akabaki humo miongo kadhaa bila kusambaa sana, halafu kuanzia miaka ya 2000 akafumuka: Texas, Louisiana, Georgia, Carolina ya Kusini. California alionekana mwaka 2003 katika mji wa Torrance, na haikuchukua muda akawa kila mahali kusini mwa jimbo hilo. Hawaii, Japani, Israeli na Australia nako yupo. Kwa hiyo kwa Mtanzania au Mkongomani anayeishi Texas, huyu si mgeni kabisa. Tanzania na Kenya yupo siku zote, chini ya mawe, kwenye matofali yaliyopangwa na kwenye vyoo vya nje. Kinachobadilika Marekani ni wingi wake. Ua wa nyumba moja ya kawaida unaweza kuwa na makumi ya vifuko.

Watafiti wa California waliochapisha kazi yao mwaka 2012 waliwakuta wajane wa kahawia mara 20 zaidi ya wajane weusi katika maeneo ya nje ya nyumba. Ndani ya vyumba vya kuishi hawakumkuta hata mmoja. Liweke hilo akilini kabla hujatoa fedha ya kupuliziwa dawa chumbani: tatizo liko uani, barazani, kwenye gereji iliyo wazi na chini ya gari.

Hesabu inayoeleza kila kitu

Jike mmoja anaweza kutengeneza vifuko hadi 20 hivi katika maisha yake, na kila kifuko hubeba mayai kati ya 120 na 150. Ukimuua jike na kuacha vifuko vyake vinne, umeacha watoto kati ya 480 na 600. Wengi watakufa wenyewe, kwa kuwa wanakulana na wanaliwa, lakini wanaobaki wanatosha kuujaza ua. Wakati wa joto mayai huanguliwa kwa takriban siku 20. Ratiba yote iliyo chini imepangwa kwa kufuata hizo siku 20.

Kumtambua

Anza na kifuko, halafu utando, buibui awe wa mwisho. Watu hufanya kinyume, ndiyo maana wanakosea.

Kifuko cha mjane wa kahawia ni duara, kipenyo chake kama sentimita moja, rangi nyeupe ya krimu ikielekea manjano, na kina vimiba vya hariri vilivyosimama juu ya uso wake wote. Hakuna buibui mwingine wa kawaida wa majumbani Marekani mwenye kifuko cha namna hiyo. Kifuko cha mjane mweusi hakina vimiba: uso wake ni laini na umbo lake ni la tone au duara lenye ncha upande mmoja. Wale wajane wa uongo wa jamii ya Steatoda, ambao nao hukaa sana majumbani, hutaga kwenye kifuko chepesi cha nyuzi zilizolegea, na ukimulika unaona mayai kwa ndani.

Utando wake hauna mpango wa gurudumu kama ule wa buibui wa bustanini. Ni nyuzi zilizokatizana kila upande, na ni ngumu. Pitisha kijiti polepole: nyuzi za wajane hukatika kwa mlio mdogo wa kutatarika unaousikia wazi kukiwa kimya. Wa buibui wa dari, yule mwenye miguu mirefu myembamba, unakuja na kijiti bila sauti.

Buibui mwenyewe sasa. Jike aliyekomaa ana mwili wa milimita 10 hadi 13, na akitandaza miguu anafika kama sentimita 4. Rangi yake inahama kutoka kahawia ya mchanga, kijivu, hadi karibu nyeusi. Mgongoni ana madoadoa na michirizi, na miguu ina pete nyeusi kwenye viungo. Chini ya tumbo ana alama ya pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, yenye rangi ya chungwa. Kwa mjane mweusi alama hiyo huwa nyekundu ya kuwaka. Mtego uko hapa: mjane mweusi wa magharibi akiwa mchanga ana madoadoa yaleyale ya kahawia, na mjane wa kahawia akizeeka anaweza kuwa mweusi. Ukitegemea rangi peke yake utadanganyika. Dume ni mdogo mno na hana habari na mtu.

Kosa jingine la kawaida linatokana na hilo neno kahawia. Marekani kuna buibui mwingine wa kahawia, wa jamii ya Loxosceles, ambaye sumu yake inaweza kuozesha nyama mahali alipouma. Huyo ni mwembamba, hana madoadoa tumboni, hana alama ya chungwa, na hatundiki vifuko vyenye miba. Mjane wa kahawia haozeshi nyama.

Vifaa

- Tochi, ikiwezekana ya kichwani ili mikono yote miwili iwe huru.
- Glavu za ngozi au za mpira mzito. Zile nyembamba za hospitali hazifai kwa kazi hii.
- Shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika.
- Brashi ya choo mpya yenye mpini mrefu. Kwa sehemu za juu, ifunge kwa gundi ya utepe kwenye mti wa ufagio.
- Ndoo ya lita 10 yenye maji lita 3 na vijiko vikubwa 3 vya sabuni ya vyombo. Bila sabuni buibui huelea juu ya maji na kutoka.
- Mifuko minene ya plastiki yenye zipu, mitano au sita.
- Bisibisi bapa, mswaki wa zamani, na kioo kidogo cha mkononi cha kuchungulia chini ya vitu vizito.
- Gundi ya utepe yenye rangi ya kuonekana, ya kuwekea alama.

Mashine ya kuvuta vumbi inasaidia gerejini na barazani, hasa ile yenye mfuko wa karatasi. Ukimaliza toa mfuko hapohapo, ufunge ndani ya plastiki na uutupe nje. Mashine isiyo na mfuko imwage ndani ya ndoo ya sabuni. Ukiiacha hivihivi hadi wiki ijayo, watoto wataangulia humohumo na kutoka kwa bomba.

Wapi pa kutazama

Sehemu hii ndiyo inayoamua kazi yote. Mjane mweusi hupenda chini kabisa, kwenye giza, ndani ya matundu ya ardhini na rundo la kuni. Mjane wa kahawia hujitosheleza na sehemu zilizo wazi zaidi, mradi kuna kona ya kujisogeza mchana, na mara nyingi kona hiyo ndipo mkono wa mtu unapopita kila siku.

Vyungu vya maua vya plastiki vina ukingo uliokunjwa kwa nje. Buibui hukaa ndani ya mkunjo huo. Ukikinyanyua chungu kwa kushika ukingo, vidole vinne vinaingia moja kwa moja alipo. Jizoeze kukiegemeza chungu kwa mguu kwanza, ukamulika chini ya ukingo, ndipo ukishike. Au kinyanyue kwa kukumbatia pande zake.

Mapipa ya taka yenye magurudumu yana mshikio uliozama upande wa nyuma, na mfuniko una ukingo. Pitisha brashi ndani ya mshikio siku moja kabla ya siku ya kuyatoa barabarani. Watu huyavuta gizani alfajiri bila kutazama.

Viti na meza za nje: pale mguu unapoungana na kikalio, ndani ya miguu iliyo na uwazi, chini ya mikono ya kiti. Viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ni makazi kamili, kila pengo kati ya viti viwili likiwa na mwenyeji wake.

Kisanduku cha mita ya maji kilichozama ardhini hufunguliwa kwa bisibisi, kamwe si kwa kuingiza kidole kwenye tundu la mfuniko. Kisanduku cha barua kitazamwe dari yake ya ndani. Jiko la kuchomea nyama: chini ya rafu za pembeni na kwenye vishikio. Vigari na nyumba za plastiki za watoto: pindua chini, utazame ndani ya usukani na chini ya kiti. Reli za chuma za ngazi za apatimenti: upande wa chini wa bomba, na pale chuma kilipokunjwa karibu na ukuta.

Gari lisilotembea wiki mbili tayari ni nyumba. Tazama ndani ya madigadi juu ya tairi, nyuma ya bampa, kwenye matundu ya rimu, na chini ya mkono wa mlango. Baiskeli: chini ya tandiko.

Halafu glavu za bustani na viatu vinavyolala nje. Buibui huyu anauma akibanwa kwenye ngozi, na kidole kinachoingia ndani ya glavu humbana vilivyo. Vikung'ute, uvikanyage kwa juu, ndipo uvae. Bora zaidi viwekwe kwenye mfuko wa zipu au boksi lenye mfuniko.

Kama unakaa apatimenti, sehemu za pamoja na visanduku vya mita si vyako kuvifungua. Piga picha za vifuko vyenye miba, za karibu na za kuonekana wazi, uweke na kitu cha kulinganisha ukubwa kama sarafu, uzitumie ofisi ya majengo kwa maandishi. Picha ya kifuko hufanya kazi haraka kuliko malalamiko ya kwamba umeona buibui.

Kuondoa, usiku mmoja na asubuhi yake

Mchana jike hujikunja kwenye kona na kutulia, huwezi kumwona vizuri wala kumtoa kirahisi. Usiku hushuka katikati ya utando akaning'inia mgongo chini, ile alama ya chungwa ya tumboni ikiwa juu. Kwa hiyo majike yaondolewe usiku, vifuko viondolewe asubuhi kwenye mwanga.

1. Subiri kama saa moja baada ya giza kuingia. Zungukia ua wote kwa mpangilio mmoja, kwa mfano ukianzia mlango wa mbele na kwenda kulia, ili usiruke sehemu. Kila penye utando mgumu au kifuko, bandika kipande cha utepe.

2. Ukimwona jike kwenye utando, weka ndoo chini yake kwanza. Akiguswa hajirushi kwako. Hujikunja na kudondoka wima kwa uzi wake, akajifanya amekufa. Ndoo ikiwa chini, amedondokea kwenye sabuni. Ndoo ikiwa pembeni, amepotea kwenye nyasi.

3. Ingiza brashi ndani ya utando na uizungushe mara mbili tatu upande mmoja. Utando unajiviringisha kwenye brashi pamoja na aliyemo. Usifagie kwa kupiga: kupiga hurusha buibui na vifuko mbali. Zamisha brashi kwenye ndoo, itikise humo, iache chini ya maji dakika mbili.

4. Asubuhi rudi kwenye kila utepe. Geuza mfuko wa zipu ndani nje, uuvae mkononi juu ya glavu, ushike kifuko kupitia plastiki, ukivute, kisha uugeuze mfuko na kuufunga. Namna hii, kama watoto walikuwa wamekaribia kutoka, wanatawanyika ndani ya mfuko na si kwenye mkono wako.

5. Ponda vifuko vikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, kwa kisigino au jiwe, kimoja kimoja. Usiridhike na kuvitupa kwenye ndoo: hariri ya kifuko haipitishi maji kirahisi, hewa iliyomo inakifanya kielee, na mayai yanabaki makavu ndani.

6. Vikiwa vingi au hutaki kuponda, weka mfuko uliofungwa kwenye friza ya baridi kali kwa siku mbili kamili, kisha utupe.

7. Safisha nyuzi zilizobaki kwa mswaki, halafu osha sehemu hiyo kwa maji ya bomba yenye nguvu. Usipoondoa utando wa zamani hutajua wiki ijayo kama kuna mpya.

8. Andika idadi ya vifuko ulivyotoa na mahali vilipokuwa.

Mpira wa maji peke yake, ambao wengi huanza nao, unavunja utando na kuwasukuma buibui kwenye nyufa. Hauondoi kifuko kilichoshikizwa kwenye plastiki. Utumie mwisho, si mwanzo.

Rudia baada ya siku 14, na tena baada ya siku nyingine 14. Kifuko kilichotagwa siku moja baada ya mzunguko wako wa kwanza kitakuwa na umri wa siku 13 utakaporudi, bado hakijaanguliwa. Ukisubiri mwezi mzima, kimeshapasuka na watoto wameshapaa kwa nyuzi zao kwenda penye upepo. Baada ya mizunguko mitatu, mara moja kwa mwezi inatosha wakati wa joto. Kusini mwa Florida na pwani ya California ya kusini, fanya hivyo mwaka mzima.

Idadi isiposhuka kwenye mzunguko wa tatu, kuna chanzo ambacho hujakigusa. Mara nyingi ni uzio unaopakana na jirani, upande wake; au rundo la vyungu vitupu nyuma ya stoo; au mita ya maji. Ongea na jirani, mpe brashi ya pili.

Kumfanya asipende kurudi

Anafuata chakula na utulivu. Taa ya barazani inayowaka usiku kucha inavuta wadudu, na buibui anajenga chini yake. Weka balbu ya mwanga wa manjano au inayowaka mtu akipita tu. Balbu nyeupe ya kung'aa ni sawa na kumwandalia meza.

Vyungu vitupu, mbao, maboksi na tairi zisizotumika ziondoke uani. Zinazobaki ziwe juu ya rafu mbali na ukuta, ili uweze kuzizungukia na brashi. Vitu vya msimu vifungwe kwenye maboksi ya plastiki yenye mfuniko unaobana, si maboksi ya karatasi. Viti vinavyotumika mara chache vipinduliwe na kufutwa kila wiki mbili: kusogezwa tu kunamsumbua kiasi cha kumfanya asikae.

Mlango wa gereji uwe na ukanda wa mpira chini. Matundu ya hewa yawekewe wavu wa matundu madogo, nyufa za ukuta zizibwe kwa silikoni. Kuziba hakuzuii watoto wanaopeperushwa na upepo, kwani ni wadogo mno, lakini kunamnyima jike kona ya kukulia.

Yule buibui wa miguu mirefu kwenye kona za dari mwache. Hula buibui wengine, wajane wakiwamo. Wajane wa uongo na buibui wa bustani wanaofuma gurudumu nao waache. Wanakula chakula kilekile ambacho mjane wa kahawia angekula. Kuna sababu nyingine ya kumtazama mgeni huyu kwa jicho kali: utafiti wa Florida uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mjane wa kahawia ana uwezekano mara 6.6 zaidi wa kumuua mjane mweusi wa kusini kuliko kuwaua buibui wengine wa jamii ya karibu. Anamfukuza mwenyeji katika makazi yake.

Kuhusu dawa

Kwa nyumba nyingi haihitajiki, na kampuni inayokuuliza pesa ya kupuliza kuta zote kila mwezi inakuuzia amani ya moyo zaidi ya matokeo. Sababu ni ya kimaumbile. Buibui huyu hatembei ukutani kama mende. Anakaa juu ya nyuzi zake na kugusa ukuta kwa ncha za miguu tu. Dawa iliyokaukia ukutani haimpati. Na dawa nyingi zinazochanganywa na maji hukwama juu ya hariri ya kifuko bila kufika kwenye mayai.

Pakiwa na sehemu usiyoweza kuifikia, tuseme ndani ya ukuta wa matofali yenye matundu, dawa ya kopo ya jamii ya pairethroidi inafanya kazi endapo itampata buibui mwenyewe. Pulizia usiku akiwa nje, umbali ulioandikwa kwenye kopo, na kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Marekani kutumia dawa kinyume na maelezo yake ni kosa la kisheria. Isifike kwenye bwawa la samaki wala mtaro wa maji ya mvua: pairethroidi inaua samaki. Paka akae mbali hadi pakauke. Kisha, bado, rudi na mfuko ukatoe vifuko.

Mabomu ya moshi ya kufungulia gerejini usinunue. Moshi wake hauingii kwenye kona, na gesi yake ikikutana na moto wa kuwashia wa hita ya maji inaweza kulipuka. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kufukuza wadudu kwa sauti isiyosikika, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia biashara ya haki liliwaonya watengenezaji wake tangu 2001 kuhusu madai yasiyo na ushahidi. Mafuta ya limau hayakufanya lolote kwenye jaribio la maabara lililochapishwa mwaka 2018. Ya mnanaa yaliwafanya baadhi ya buibui wakwepe, lakini uani harufu hiyo hupeperuka na jua.

Akikuuma

Sumu yake tone kwa tone ni kali, lakini anaingiza kidogo. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1993, uliolinganisha walioumwa na mjane mweusi na walioumwa na wa kahawia, ulionyesha kwamba wa kahawia kwa kawaida huleta maumivu na wekundu pale alipouma na hapazidi hapo. Mara chache sana dalili zimekuwa kali.

Osha kwa maji na sabuni. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 10, pumzika 10, rudia. Mkono au mguu ulioumwa uuinue. Dawa ya kawaida ya maumivu inatosha. Usikate, usinyonye, usifunge kamba, usipake majivu wala kutumia jiwe jeusi. Kama buibui yupo, hata aliyepondeka, mweke kwenye kichupa uende naye.

Nenda hospitali bila kungoja kama maumivu yanapanda kuelekea tumboni, kifuani au mgongoni, misuli inakakamaa, jasho linatoka kwa wingi, unatapika au unapumua kwa shida. Mtoto mdogo, mjamzito, mzee na mwenye shinikizo la damu waende mapema hata kwa dalili ndogo. Marekani namba ya kituo cha sumu ni 1-800-222-1222, saa zote, bila malipo. Wana wakalimani: ukipokewa sema tu "Swahili" na usubiri kwenye laini.

Kabla ya kuhama au kusafirisha mzigo

Buibui huyu hakuvuka bahari kwa miguu. Husafiri kwenye vyungu vya maua, samani za uani, magari na makontena. Ukihama kutoka Texas au Florida kwenda jimbo ambalo bado hajafika, pindua kila kiti, brashi chini ya kila chungu, na acha vyungu vitupu nyuma. Ukitoa vifuko wiki moja kabla ya lori kuja, rudia ukaguzi siku ya kupakia.

Anayepokea gari lililotumika, Mombasa au Dar es Salaam, naye atazame kabla ya kuingiza mkono popote. Magari mengi hutoka Japani, ambako mjane wa kahawia yupo, na binamu yake mwenye mgongo mwekundu aligunduliwa Osaka mwaka 1995. Gari hukaa yadi na bandarini wiki nyingi bila kuguswa. Mulika ndani ya madigadi, chini ya bampa, kwenye nafasi ya tairi la akiba na chini ya viti. Ukikuta kifuko laini kisicho na miba, na buibui mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni, usimponde ukaendelea na safari: mfunike na kopo, umpige picha mgongo na tumbo, uwape maofisa wa afya ya mimea au wa bandari kabla gari halijatoka getini.